Eneo "la muda" la kusaga zege jirani na nyumba zetu: tukubali au tukatae?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla ya Jumamosi.

Nyuma ya nyumba zetu kuna kiwanja kikubwa kilichokaa wazi miaka mingi. Mkandarasi anayebomoa daraja la zamani anataka kukitumia kusagia zege lake, apate kokoto za kumwaga chini ya barabara mpya. Anasema ni kwa muda tu. Nimepima kwa hatua kutoka mashine ilipo hadi dirisha la chumba cha wanangu: mita 120 hivi.

Wiki iliyopita waliwasha mashine siku 2 kwa majaribio. Jioni ya siku ya pili mwanangu wa miaka 6 akachora uso kwa kidole kwenye kioo cha dirisha. Kwa ndani, wakuu, na madirisha tulikuwa tumeyafunga. Mtoto huyo ana pumu.

Mtaa umegawanyika. Jirani yangu wa ukuta mmoja, mtu wa shida na raha, amepata kibarua pale, na tangu nilipozungumza kikaoni salamu zake zimekuwa za juu juu. Jumamosi tunakutana na mkandarasi na watu wa mazingira, nami nimechaguliwa kusemea wanaokataa. Nimeshindwa kulala. Nisimamie kukataa kabisa, au kuna njia nyingine?

Mchangiaji 1

Kataeni. Kwetu waliomba miezi 6. Kifusi cha kwanza kilipoisha kikaletwa cha jengo lingine, kisha lingine. Huu mwaka wa 3. Kama kibali hakina tarehe ya mwisho na hakitaji kifusi kinatoka wapi, msikubali hata kwa dawa.

Mchangiaji 2

Dada pole. Nimeendesha mashine hizo miaka mingi, ngoja nikwambie vumbi linapotokea. Kwanza mdomoni mwa mashine, kijiko (lile tingatinga la kuchimbia) kinapomwaga mapande. Pili mwisho wa mkanda unaobeba kokoto, zinapodondoka. Mkanda ukiwa juu sana, upepo unabeba kila kitu. Tatu kwenye rundo lenyewe. Nne, ambapo wengi hawapaangalii, ni njia ya malori ndani ya kiwanja.

Maji yakinyunyizwa sawasawa vumbi hupungua sana. Tatizo ni boza likikauka. Lori linasubiri, msimamizi anapiga kelele, kazi inaendelea kavukavu. Kwa hiyo sharti liandikwe hivi: maji yakikatika, mashine inazimwa.

Kuhusu kelele, ulizeni nyundo ya kijiko, ile inayovunja mapande makubwa kabla ya kusagwa. Hiyo inapasua kichwa kuliko mashine yenyewe. Mapande yavunjwe kulekule darajani, nondo zitolewe hukohuko, kwenu yaje madogo. Pia maji yanayotiririka kutoka kwenye rundo la zege yana chokaa kali, pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi au chokaa, inaweza kupita 11. Yasiachwe yaingie mtoni.

Enzi zangu nilijifunga kitambaa puani nikidhani kinatosha. Hakitoshi.

Mchangiaji 3

Nafanya kazi ya afya. Vumbi la zege lina madini ya silika kutokana na mchanga na kokoto. Chembe zilizo chini ya maikromita 4 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) hufika ndani kabisa ya mapafu, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika ya aina hiyo kwenye kundi la 1 la visababishi vya saratani mwaka 1997. Wa kwanza kuumia ni anayeivuta kila siku kazini kwa miaka, yaani huyo jirani yako. Msemee na yeye.

Kwa mwenye pumu, vumbi lolote laini ni tatizo. Mwongozo wa WHO wa 2021 kwa chembe za PM10, yaani za vumbi lisilozidi maikromita 10, ni maikrogramu 45 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24. Dai kipimo kifungwe upande wa nyumba zenu, kianze kusoma kabla ya kazi, ili mwe na cha kulinganisha.

Mchangiaji 4

Mkikataa, zege haliyeyuki. Litabebwa kwenda dampo na kokoto mpya zitatoka machimboni, malori mara mbili kwenye barabara ileile. Pigania umbali. Texas huko Marekani sheria inazuia mashine za kusaga zege ndani ya yadi 440 kutoka kwenye makazi, shule na nyumba za ibada. Ni kama mita 400. Nyie mna 120.

Mleta mada

Asanteni sana. Leo nimepima tena. Kona ya mbali ya kiwanja iko mita 310 kutoka kwetu, na hakuna nyumba upande ule. Haifiki 400, lakini hakuna aliyewahi kuitaja kikaoni.

Jioni nimekwenda kwa jirani, nikamwambia nataka kudai barakoa za kweli kwa ajili yao. Tumekaa muda mrefu. Amenionyesha kitambaa anachojifunga puani, kimekakamaa kama kadibodi. Maji yaliisha saa 6 mchana siku ile ya pili, nao wakaambiwa waendelee. Jumamosi nitaanza na sharti la maji.