Siki ya mabibo: finofthalini au mita ya upitishaji umeme?

Mikindani_Siki: Wakuu, habari za msimu. Kikundi chetu hapa Mtwara kinatengeneza siki ya mabibo, maana kuyaacha yaozee chini ya mikorosho inauma. Nataka kujua ina asidi kiasi gani. Nina bureti (mrija wa kudondoshea kwa kipimo), sodiamu haidroksaidi, finofthalini na mita ya upitishaji umeme. Njia ipi?

Bi_Kemia: Finofthalini, ndugu yangu. Asidi dhaifu kama ya siki kwa besi kali kama sodiamu haidroksaidi yako, ndicho kiashiria chake: hugeuka pinki asidi ikiisha. Methili oranji, kiashiria kingine, hugeuka mapema mno.

Newala_Juu: Bi Kemia, kwa heshima, siki nyeupe sawa. Ya mabibo mekundu ina rangi. Ile pinki ya kwanza ataionaje? Naitetea mita. Mililita 10 za siki, jazia maji yaliyokenekwa mpaka 100, kisha besi ya mola 1 kwa lita kidogo kidogo, ukisoma mita kila nusu mililita. Namba inaweza kushuka kidogo mwanzoni, halafu inapanda taratibu, kwa kuwa asidi yenye ayoni (chembe zenye chaji) chache inageuka chumvi yenye ayoni nyingi. Asidi ikiisha, haidroksaidi inabaki huru, nayo hupitisha umeme takriban mara 4 ya sodiamu, hivyo mstari unapanda kwa kasi. Chora grafu ya usomaji kwa mililita za besi, upate mistari miwili. Inapokutana ndipo penyewe. Ikikutana kwenye mililita 8, siki ni mola 0.8, yaani gramu 48 za asidi ya siki kwa lita. Huna haja ya kuvizia tone la mwisho, na hilo ndilo ninalolipenda zaidi.

Chumvi_Lindi: Siki isiwe imetiwa chumvi! Maji ya bahari peke yake husoma milisimensi (kipimo cha upitishaji umeme) 50 hivi kwa sentimita. Badiliko dogo la asidi litamezwa. Halafu digrii 1 ya joto hupandisha usomaji kwa asilimia 2 hivi, kwa hiyo pimia kivulini.

Bi_Kemia: Kwa yenye rangi nimekubali, Newala. Ila njia zote mbili zinatoa jumla ya asidi, zikiwemo za tunda lenyewe. Na besi ihakikiwe kwanza kwa asidi ya oksaliki, maana hunyonya kabonidioksaidi ya hewani.

Mikindani_Siki: Asanteni sana. Yetu haina chumvi, naanza na mita. Dada, oksaliki kiasi gani?

Bi_Kemia: Gramu 6.3 za fuwele, ujazo ufike mililita 100. Mililita 10 zake zitamaliza 10 za besi yako, kama kweli ni mola 1.