Mwaka wa sanaa Iringa: tuanze Januari au tusubiri mavuno?

Binti Kihesa

Kamwene wanajamvi. Naomba ushauri wenu.

Hapa Iringa mjini watu wa mitaa kadhaa tumekubaliana mwaka ujao uwe mwaka wa sanaa na utamaduni. Mfadhili hatuna. Kila mtaa umetoa watu wawili, tunakutana Jumapili baada ya ibada, mimi ndiye katibu na daftari liko kwangu. Kila mwezi mtaa mmoja utawapokea wenzake: Kihesa, Mlandege, Makorongoni, Ipogolo, na kuendelea.

Tumekwama kwenye tarehe. Wengi wanataka uzinduzi uwe Januari, maana mwaka ni Januari mpaka Desemba. Nilipinga, tukapiga kura, nikashindwa. Wamenipa wiki mbili nilete hoja.

Hoja yangu ni mama yangu mzazi. Anasuka vikapu vya milulu, yale majani ya kusukia, tangu sijazaliwa, na vikapu vyake vimefika nchi ambazo yeye hajazikanyaga. Januari hasuki. Yuko shambani, mahindi yanadai palizi, na milulu ikikatwa wakati wa mvua haikauki. Mwaka juzi alianika mafungu sita, yote yakaota ukungu akayatupa. Mpigaji wa ligombo, zeze letu la Wahehe, tunayemjua ni mmoja tu, mzee sana, anakaa ndani huko kupita Kalenga, na masika njia ya kwake ni tope tupu. Kikundi cha ngoma kinachotajwa kila kikao kina watu wazima kumi na wanne, wote wakulima. Sasa Januari atacheza nani? Tutakodi wasanii na spika kubwa, halafu sisi wenyeji tukae kwenye viti tutazame.

Hayo nimeshayaona. Miaka minne iliyopita taasisi moja ilileta tamasha hapa mwezi wa pili. Bibi zetu waliitwa, wakakaa tangu saa tatu asubuhi, saa kumi na moja jioni wakapewa dakika saba. Nauli walijilipia. Mama alirudi nyumbani, akakunja kitenge chake kipya akakirudisha sandukuni, na mpaka leo hajakivaa.

Tuanze lini? Na wazee tuwalipe vipi, wasije kuwa mapambo ya shughuli?

Ngoma Mafinga

Dada, anzeni Julai, mmalize Juni mwaka unaofuata. Mahindi yanakuwa yameiva au yameshaingia ndani, njia zimekauka, na watu wana nafasi ya mazoezi. Wakikubishia kwamba mwaka ni Januari, waulize mwaka wa fedha wa serikali unaanza lini. Ni tarehe 1 Julai, na halmashauri yenu inafuata hiyohiyo. Kwa hiyo nendeni kwa afisa utamaduni mapema, wakati bajeti inapangwa. Mkienda Julai wenyewe mtaambiwa fungu limeshagawanywa.

Ila Julai ya kwetu mnaijua. Baridi! Ngoma ziwe mchana, saa nane jua likiwa bado lipo. Wazee msiwakeshe nje.

Mzee wa Kalenga

Mwanangu, umesema vema kuhusu shamba. Mimi naongeza la historia. Mkwawa, mtemi wetu Wahehe, alijiua tarehe 19 Julai 1898. Vita vya Lugalo, alipowapiga Wajerumani, ni tarehe 17 Agosti 1891. Zote mbili zinaangukia baada ya mavuno, msimu huohuo unaoutaka. Fuvu lake lilirudi kutoka Bremen, Ujerumani, mwaka 1954 na liko hapa Kalenga kwenye makumbusho. Waleteni watoto walione. Lakini mkitaka kuigiza habari zake, nendeni kwanza kwa wenye ukoo, mkae nao, muwasikilize. Msiandike mchezo ndipo mwende kuomba ruhusa.

Jambo moja nakupinga. Masika usiyaone kama miezi mitupu. Ulanzi, pombe ya mianzi, unagemwa masika, na watu wakikaa pamoja mvua inanyesha ndipo hadithi na mafumbo yanapotoka. Miezi hiyo ipelekeni majumbani, watu ishirini wanatosha. Mzee wa ligombo msimtoe kwake kwenye tope. Mfuateni ninyi.

Kijana wa Kamati

Dada katibu, mimi nilipiga kura ya Januari na umeniona nikinyoosha mkono. Sababu yangu haikuwa kalenda tu. Desemba ndugu zetu wanarudi kutoka Dar, mji unajaa, na wengi bado wapo mwanzoni mwa Januari. Hao ndio wenye uwezo wa kununua kikapu bila kuomba kupunguziwa. Sisi tunaochora na kurekodi muziki tunawategemea. Kama Desemba itapewa siku yake kubwa, nabadilisha kura yangu. Habari ya kitenge cha mama sikuijua. Kwenye kikao hukuisema.

Msimamizi wa kwaya

Kwenye malipo: fungu la wazee litengwe la kwanza, kabla ya jukwaa na spika. Kila mtu alipwe mkononi mwake, siku ileile, kabla hajapanda gari kurudi. Ukimpa kiongozi wa kikundi bahasha moja, utasababisha ugomvi ambao wewe hutausikia. Nauli na chakula visihesabiwe kuwa ndiyo malipo. Na mkirekodi wimbo wa mtu, ombeni ruhusa yake na jina lake liandikwe.

Pia mwekeni mkalimani wa lugha ya alama. Mji wenye Neema Crafts, ambako viziwi wanafanya kazi za mikono tangu 2003, hauna sababu ya kuwasahau.

Binti Kihesa

Asanteni sana. Mzee, shikamoo, la masika nimelipokea, na Jumapili nitalisoma kama ulivyoliandika. Mdogo wangu wa kamati, ni kweli sikusema. Nilihofia nitalia mbele za watu. Desemba ni yenu, naiandika leo kwenye daftari.

Jioni hii nimemsomea mama majibu yote. Aliposikia Julai akaniuliza vitahitajika vikapu vingapi. Sikuwa na jibu. Ameshapanda darini na taa, anahesabu milulu iliyobaki.