Semi inakosa nguvu mlima Kitonga na inakula mafuta, naomba ushauri

Wakuu, heshima kwenu. Nina semi ya zamani, silinda 6 yenye turbo (inayosukuma hewa ndani ya injini), pampu ya dizeli ya kawaida isiyo na kompyuta. Niko Mbeya, napiga Dar hadi Tunduma. Tambarare inakwenda vizuri, ila ikishika Kitonga na mzigo inalegea kabisa, inatoa moshi mweusi, na dizeli inaisha haraka kuliko zamani. Filta zote mpya, breki hazikamati zenyewe gari likitembea. Fundi anataka tushushe pampu na nozeli (vinyunyizia dizeli) zikapimwe, na hiyo ni hela nyingi. Mimi nashuku hewa haifiki ya kutosha kwenye injini: moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua yote, halafu paipu ya turbo kwenda intakula (kipoza hewa ya turbo) ina oili kwenye klempu. Nianze kutafuta panapovuja, au turbo yenyewe imechoka? Naipimaje bila kuishusha?