Vifaranga vya sato wanakufa kila asubuhi, niwape probayotiki?

Sato_Misungwi: Wakuu, habari za majukumu. Nina vifaranga 3,000 kwenye tangi la saruji, mita 3 kwa 4, maji ya kiunoni. Wiki ya kwanza walikufa wawili watatu. Sasa kila asubuhi naopoa 30 hadi 40. Duka la pembejeo wananiambia nichanganye probayotiki, yaani bakteria hai wazuri, kwenye chakula, pakiti 35,000, ina picha ya kuku. Jirani naye ananisisitiza OTC, ile antibiotiki. Nishike lipi?

KambaleMzee: Pesa kaa nayo kwanza. Alfajiri wanakuwa wapi, juu au chini? Maji yakoje? Unalishaje?

Sato_Misungwi: Juu mkuu, wanajazana pale maji yanapoingilia. Maji kijani, yananuka kidogo. Nalisha asubuhi na jioni mpaka washibe, kinachobaki kinazama.

KambaleMzee: Umeshajijibu. Wanakosa hewa. Ule ukijani ni mwani, mchana unatoa oksijeni, usiku unaivuta, na chakula kinachooza chini kinaimalizia na kutoa amonia. Nyonya uchafu wa chini kwa mpira, badili theluthi ya maji. Kama ni ya bomba la mjini yalaze kwanza kwenye pipa wazi, klorini itoke. Lisha kidogo kidogo mara tano. Probayotiki haipulizi hewa.

MamaHapa: Naongezea. OTC usiguse kama hujui ni bakteria gani. Utaua na wale rafiki wa tumboni, na wabaya watakaobaki watakuwa sugu. Probayotiki yenyewe ni kinga: bakteria wazuri wanawahi nafasi kwenye utumbo na kusaidia kusaga chakula. Haifufui anayekufa leo.

Ukinunua, soma pakiti. Isipotaja aina ya bakteria, idadi ya walio hai kwa gramu na tarehe ya mwisho, rudisha, iwe ina picha ya kuku au ya papa. Bakteria aina ya basilasi hutengeneza mbegu ngumu zinazohimili joto. Aina ya laktobasilasi, joto la mashine ya kukandamiza chakula kuwa tembe linamuua, kwa hiyo huyo unamkoroga na mafuta kidogo ya kula, unanyunyizia chakula kilichokwisha kutengenezwa, unaanika kivulini, unalisha siku hiyohiyo. Nimeona mtu kaanika juani halafu analaumu dawa!

Fundi_Bwawa: Hamira je? Mimi naipenda kwa bei.

MamaHapa: Inafaa kaka. Kuna utafiti wa Mexico wa 2003 kwa vifaranga vya sato: hamira gramu 1 kwa kilo ya chakula, na ikawapita bakteria wawili waliolinganishwa nayo kwa ukuaji. Ila chakula chenyewe kiwe na protini. Pumba tupu na hamira ni pumba iliyoumuka tu 😂

Sato_Misungwi: Mrejesho, siku ya nne. Nimenyonya chini, tope jeusi ndoo mbili, aibu tupu. Juzi walikufa 11, leo 4. Pakiti ya kuku nimeirudisha, haikuwa na jina la bakteria hata mmoja. Nataka nigawe tangi kwa nyavu, nusu wapate hamira, nusu wasipate. Dada, nianze lini?

MamaHapa: Subiri vifo vikome kabisa. Na usigawe tangi, maji ni yaleyale na chakula kitavuka. Tafuta simtank mbili, uwapime uzito kabla.

Fundi_Bwawa: Ukipima tuletee namba hapa.