Je, reli ndiyo iliyozaa mitaa ya mapumziko ya ufukweni? Na kwa nini ile ya mwaka 1928 haikuizalia Mwanza?

Mwalimu wa Nyegezi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Mwanza, na tangu mwaka 2021, ujenzi wa reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ulipoanza, mazungumzo yetu ya saa nne chumba cha walimu hayaishi bila kugusa viwanja. Mwenzangu mmoja amekwisha kununua chake upande wa Luchelele, mahali ambapo kwa sasa pana mawe, mihogo na mtumbwi uliofunikwa kifudifudi. Hoja yake ni kwamba kule Uingereza, reli ilipofika baharini, vijiji vya wavuvi viligeuka miji ya mapumziko. Basi na sisi tusubiri treni, mitaa ya ufukweni itakuja yenyewe.

Hoja hiyo inanivutia lakini hainiridhishi, kwa sababu reli si ngeni kwetu. Ilitufikia kutoka Tabora mwaka 1928, ikaenda hadi ukingoni mwa maji, na bado siuoni mtaa hata mmoja ambao ningeweza kuwaambia wanafunzi wangu kwamba ulizaliwa na abiria waliokuja kupunga upepo. Naomba wenye ujuzi wanisaidie: reli za mwanzo zilifanya nini hasa katika miji ile ya pwani, na hapa kwetu kilikosekana nini?

Msoma Ramani alijibu:

Mwalimu, mwenzako amesema nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo inayouza viwanja.

Mji unaotajwa zaidi ni Brighton, kusini mwa London, na huo haukuzaliwa na reli. Mwaka 1801 ulikuwa na wakazi wapatao 7,000. Mwaka 1831 walikuwa wamepita 40,000. Treni ya kwanza kutoka London ilifika Septemba 1841. Waliouinua ni watu wa magari ya farasi. Madaktari wa enzi hizo waliwaambia matajiri kwamba maji ya chumvi ni dawa, mwana wa mfalme aliyekuja kutawala kwa jina la George IV akajijengea kasri pale, na waliotaka kuwa karibu naye wakajengewa majumba meupe yaliyopangwa kwa safu, Kemp Town upande wa mashariki na Brunswick upande wa magharibi.

Kilichobadilishwa na reli ni mgeni mwenyewe na muda wa kukaa kwake. Aliyekuja kwa gari la farasi alimaliza saa tano au sita njiani, hivyo hakuona maana ya kuja kwa siku moja. Alikaa majuma, hata miezi. Wa treni alitumia kama saa mbili na jioni aliweza kulala kwake. Jumatatu ya Pasaka mwaka 1844, treni ya matembezi iliondoka London Bridge ikiwa na mabehewa 45 na injini nne, ikaongezewa nyingine njiani kwa kuwa watu walikuwa wanazidi kupanda, hadi ikaingia Brighton na mabehewa 57 yakivutwa na injini sita. Mwaka huohuo bunge liliyaamuru makampuni ya reli yaendeshe kila siku angalau treni moja ya nauli isiyozidi peni moja kwa maili, tena yenye mabehewa ya kuezekwa, maana kabla ya hapo abiria wa daraja la tatu aliweza kusafiri akinyeshewa. Malkia Victoria, ambaye hakuupenda umati, alikuja mara ya mwisho mwaka 1845, na mwaka 1850 kasri likauzwa kwa mji. Wakati huohuo wakazi walipanda kutoka takriban 46,000 mwaka 1841 hadi 65,000 mwaka 1851.

Sasa fungua ramani, maana jibu lako limelala humo. Stesheni ya Brighton haiko ufukweni, iko juu kilimani. Mwaka 1845 ilichongwa barabara ya Queen's Road iteremke kutoka stesheni kuelekea baharini, na pale njia hiyo inapoishia ndipo walipomiminikia wageni wa siku moja. Kando ya stesheni, karibu na karakana ya injini, palijaa nyumba ndogo zilizobanana za mafundi na vibarua. Wenye majumba meupe walibaki kwenye ncha mbili za ufukwe, mbali na moshi. Ufukwe ni mmoja, lakini umbali wa kutembea kutoka stesheni uliugawa.

Mji ambao neno "kuzaliwa" linaukaribia ni Blackpool, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Reli ilifika mwaka 1846. Mwaka 1851 palikuwa na watu kama 2,500. Mwaka 1901 walikuwa wamezidi 47,000. Wageni wake walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire, ambako kila mji ulikuwa na juma lake la kufunga viwanda, hivyo juma hili waliingia wa Oldham, juma lijalo wa mji mwingine. Walikuwa wakiweka akiba kidogo kidogo mwaka mzima katika vyama vinavyofanana na upatu wetu, ila kule wote walipokea kwa pamoja, siku chache kabla ya safari. Walifikia kwenye nyumba za akina mama waliokodisha vyumba; mgeni alinunua chakula chake mwenyewe, mama akampikia, na zilikuwako nyumba zilizomtoza hata chumvi na pilipili alizozikuta mezani. Kwa aliyezoea kununua sangara mwaloni, pale wavuvi wanapoteremsha samaki, na kumpelekea mkaangaji, biashara hiyo haihitaji maelezo.

Tena linganisha na Southport, pwani ileile, mji uliopata reli mwaka 1848. Kule ardhi ilikuwa mikononi mwa familia mbili kubwa zilizopangisha viwanja kwa masharti: barabara ziwe pana, nyumba ziwe na nafasi, biashara chafu zisiwepo. Katikati mwa Blackpool ardhi ilikuwa vipande vidogo vya wenyewe wengi, kila mmoja akaijaza nyumba za wageni hadi ukutani kwa jirani. Treni ilileta watu kote kuwili; mwenye ardhi ndiye aliyeamua wakute mtaa wa namna gani.

Binti wa Kirumba alijibu:

Naongeza jambo moja tu. Upo mfano ambapo mwenye reli na mwenye ardhi walikuwa kitu kimoja: Atlantic City, Marekani. Kilikuwa kisiwa cha mchanga na mbu, hadi daktari Jonathan Pitney na wenzake walipojenga reli kutoka Camden, ng'ambo ya mto kutoka Philadelphia, iliyofunguliwa mwaka 1854, huku kampuni dada ikinunua ardhi na kukata viwanja. Mhandisi wa reli, Richard Osborne, ndiye aliyechora mitaa. Mwaka 1870 waliweka ile njia maarufu ya mbao kando ya bahari kwa sababu ya kawaida kabisa: wageni walikuwa wanaingiza mchanga kwenye hoteli na kwenye mabehewa. Aliyekuwa akilalamika kuhusu mabehewa alikuwa kondakta wa treni. Kwa hiyo, Mwalimu, muulize mwenzako kama aliyemuuzia kiwanja ndiye pia anayejenga reli. Kama siye, asimnukuu Pitney.

Niliyesoma Kusini alijibu:

Mimi nilisoma Cape Town, na ningependa tutazame mfano wa bara letu, kwa sababu una sura mbili. Reli ilifika Muizenberg Desemba 1882, ikaendelea hadi Kalk Bay mwaka uliofuata na Simon's Town mwaka 1890. Ni mwendo wa kilomita 25 hivi kutoka mjini, kwa hiyo mtu mwenye kazi ofisini aliweza kuhamia ufukweni moja kwa moja, akaenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Cecil Rhodes alinunua kibanda chake Muizenberg mwaka 1899 na akafia humo Machi 1902. Baada ya hapo wenye migodi nao wakajenga majumba, na stesheni mpya ya mwaka 1913 ikajengwa kwa fahari utadhani ni ya jiji.

Lakini panda treni hiyo siku ya upepo ukae dirisha la upande wa bahari. Baada ya Muizenberg reli inapita baina ya nyumba na maji, karibu kiasi kwamba mawimbi yanalowesha vioo, na mwenye nyumba anayetaka kuogelea hupita chini ya reli kwa njia ya handaki. Kalk Bay palikuwa tangu zamani pa wavuvi, wengine wa asili ya Ufilipino. Reli iliwapa soko la haraka mjini, ikawaletea pia majirani waliotaka mandhari ya wavuvi bila harufu ya samaki. Mwaka 1967 serikali ya ubaguzi ilipotangaza eneo hilo kuwa la wazungu, thamani ambayo treni ilikuwa imeijenga ikawa na mwenyewe kisheria. Mwaloni kwetu pana watu pia, na sijasikia wakitajwa katika mazungumzo ya viwanja.

Mzee wa Kota alijibu:

Mwalimu, nami niseme, maana nimekulia katika kota za reli na nikaitumikia hadi kustaafu.

Unauliza kilichokosekana mwaka 1928. Hakikukosekana kitu, reli ilifanya kazi iliyotumwa. Kabla yake mzigo wa Mwanza ulipanda meli hadi Kisumu, ambako reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika tangu Desemba 1901, ukatokea Kenya. Serikali ya Tanganyika ilitaka mzigo huo uteremkie Dar es Salaam, hasa pamba na karanga za Usukuma. Basi sehemu ya ufukwe ambayo watu wa Brighton wangeiwekea viti, sisi tuliiwekea maghala. Kisumu ni vivyo hivyo: reli na gati vilikaa kwanza, mji ukakaa nyuma yake.

Bandari ya Kusini nilipokuwa kijana, msimu wa pamba ungedhani kumenyesha pamba, kwa jinsi nyuzi zilivyonasa kwenye magugu kando ya reli. Meli ya Umoja ilipofunga gatini, mabehewa yaliingizwa tumboni mwake yakisukumwa pole pole, machache upande huu kisha machache upande ule, isije ikalala. Sisi watoto tulikaa juu ya mawe tukitazama. Huo ndio uliokuwa utalii wetu.

Wakoloni walikuwa na pa kubarizi. Uzunguni kulikuwa Capri Point, rasi ya mawe yenye upepo, na haikuwa bahati kwamba iko ng'ambo ya kelele za mabehewa. Waswahili tulijipanga kule vibarua walikohitajika, Igogo na kando ya mto Mirongo. Ule mgawanyo aliousoma mwenzetu kwenye ramani ya Brighton, hapa uliandikwa na mtu mwenye rula.

La mwisho, na hili halimo vitabuni. Mfanyakazi wa Lancashire alipopewa juma la mapumziko alikwenda baharini. Mfanyakazi wa reli wa hapa alipopata likizo na pasi yake ya safari, alipakia sukari, kanga na taa ya chemli, akaenda kwao kijijini. Treni za likizo zilijaa kweli, ila zilikuwa zinauacha ufukwe.

Mwalimu wa Nyegezi alijibu:

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Habari ya likizo nitaiingiza darasani wiki ijayo.

Nimejaribu kupima kwa mizani mliyonipa. London hadi Brighton ni kama kilomita 80, Cape Town hadi Muizenberg 25. Dar es Salaam hadi Mwanza kwa reli ni zaidi ya 1,200. Kwa hiyo hata treni iwe ya kasi kiasi gani, abiria wa kwenda asubuhi na kurudi jioni hatatoka Dar. Atatoka Shinyanga na miji iliyo njiani, na atakuja ikiwa tu kuna treni ya Jumamosi yenye nauli ya mtu wa kawaida. Lakini nina shaka nyingine. Brighton madaktari ndio waliowaingiza watu majini, wakati hapa daktari anakuonya utoke kwa sababu ya kichocho. Je, mtaa wa ufukweni unaweza kukua pasipo kuogelea?

Msoma Ramani alijibu:

Unaweza. Wengi wa wageni wa siku moja wa Blackpool hawakuwa wakiogelea sana. Walikuwa wakitembea, wakila na kutazamana, na ndiyo maana gati la kutembelea lilijengwa mwaka 1863 na mnara mwaka 1894. Capri Point na Kirumba za jioni zinakwenda hivyohivyo, kwa samaki na upepo, bila mtu kuvua viatu. Kwa mwenzako ningeuliza maswali mawili tu: kutoka mahali treni itakaposimama hadi kiwanjani kwake ni mwendo gani kwa miguu au kwa daladala, na ardhi iliyo katikati ni ya nani.

Mzee wa Kota alijibu:

Marahaba, Mwalimu. Mwambie pia achukue kamba na apime mita 60 kutoka majini, kwa kuwa sheria ya mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli ya kudumu ndani ya hapo. Na asipime kuanzia maji ya leo. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba za watu. Awaulize wenyeji wa Luchelele ule mtumbwi ulikuwa unafungwa wapi mwaka huo.