Tago Mago ya Can, nianzie wapi?

mpenda_santuri: Wadau, nimeisikiliza hii albamu ya 1971 ya Can, bendi ya rock ya Kijerumani, mara mbili, nusu ya kwanza naielewa ila wimbo wa Aumgn umenishinda kabisa, ni kelele tu au kuna kitu sikipati?

kinanda71: Mkuu anza na Halleluhwah, dakika 18 na ushee, we msikilize mpiga ngoma wao Jaki Liebezeit tu, ngoma haiyumbi hata kidogo. Walirekodi kwenye kasri la Nörvenich karibu na Cologne halafu mpiga besi wao Holger Czukay akawa anakata kanda na kuziunganisha.

dada_besi: Na yule muimbaji, Damo Suzuki, Mjapani, walimwokota Munich akiimba mtaani na jioni ileile wakampandisha jukwaani 😂 Aumgn hata mi huwa naruka

mpenda_santuri: Haya, Halleluhwah usiku huu