Land Rover 109 ya petroli inasita ukikanyaga mafuta: kabureta au waya?

Mdau wa Uyole

Habari za leo wakuu. Gari ni Land Rover Series III 109, injini ya petroli silinda nne, cc 2286, kabureta Zenith 36 IV, distributa Lucas (inayogawa cheche kwenye plagi) ya pointi, zile zinazofunga na kukata umeme wa koili.

Ikiwa sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, imetulia vizuri kabisa. Ukikanyaga mafuta taratibu kuanzia hapo inasita, inakohoa mara mbili tatu, ndipo inashika. Ukikanyaga mpaka chini kwa mara moja, inasita kidogo tu kisha inavuta. Asubuhi za ukungu, kuanzia Isyonje kupanda uwanda wa juu wa Kitulo, inazidi, na wakati mwingine inazima kabisa.

Mpaka sasa: plagi mpya, mwanya 0.75 mm. Kondensa mpya. Pointi zimewekwa 0.38 mm kwa fila geji. Kabureta imefunguliwa na kuoshwa mara mbili. Koili nimeipima upande wa chanya, ufunguo ukiwa umewashwa, nikapata volti 12.4 sawasawa na betri, kwa hiyo umeme naona upo. Ila vile viungio vya waya vyenye vichwa vya umbo la risasi, kwenye ukuta unaotenga injini na dereva, vina kutu ya kijani na mipira yake imepasuka.

Kuna anayeniuzia kabureta nyingine. Ninunue?

Waya Mweupe, Mwanjelwa

Mkuu, usinunue kwanza. Hiyo 12.4 ndiyo imekudanganya.

Kama pointi zilikuwa wazi wakati unapima, koili haikuwa inavuta umeme wowote. Waya ambao umebakiwa na uzi mmoja wa shaba, au kiungio kilichooza, bado utakuonyesha volti 12.4 kama hakuna kinachopita. Kupima hivyo ni sawa na kuangalia bomba la maji likiwa limefungwa: presha ipo, lakini hujui kama njia imeziba.

Pima hivi. Fungua kava la distributa, zungusha injini kwa hendeli mpaka pointi zifunge. Washa ufunguo. Sasa koili ya kawaida yenye om 3 hivi inavuta kama ampea 4. Weka mita kwenye volti za DC, waya mwekundu wa mita kwenye chanya ya betri, mweusi kwenye chanya ya koili. Unachosoma ni volti zinazopotea njiani. Chini ya 0.5 ni sawa. Ikifika 1 au zaidi, tafuta. Usiache ufunguo zaidi ya dakika mbili maana koili inachemka. Pima, zima, pumzisha.

Kutafuta ni rahisi kwa sababu rangi za Lucas hazibadiliki. Kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri hadi swichi. Mweupe ni unaotoka swichi kwenda koili. Mweupe wenye mstari mweusi ni wa koili kwenda pointi. Acha waya mwekundu wa mita kwenye betri, ule mweusi utembeze: kahawia kwenye swichi, mweupe kwenye swichi, kabla ya kiungio, baada ya kiungio. Mahali namba inaporuka ghafla, hapo ndipo pabovu. Kisha geuza: hasi ya koili hadi hasi ya betri, pointi zikiwa zimefunga. Hapo nataka nione chini ya 0.3. Ikizidi, ni pointi chafu, waya wa ndani ya distributa, au athi ya injini (waya wa kurudisha umeme kwenye chesisi).

Kwa nini sailensa inatulia? Kwa sababu silinda inakuwa na hewa kidogo, na cheche dhaifu inatosha. Ukikanyaga, mgandamizo unapanda na plagi inadai umeme mkubwa zaidi. Ukipoteza volti 2 kati ya 12 njiani, nguvu ya cheche inapungua kama asilimia 30. Sailensa haikuambii, mguu ndio unakuambia.

Angalizo: kama koili yako inasoma om 1.5 tu, hiyo ni ya kutumia pamoja na ballast (kizuizi cha umeme kinachofungwa kabla ya koili), na volti zitashuka kwa makusudi. Pima om kwanza, waya zikiwa zimetolewa.

Mchangiaji Pointi 0.38

Naunga mkono, ila dalili ya mwanzo imetupa kitu kikubwa zaidi na naona kimepitwa. Ukikanyaga taratibu inasita zaidi kuliko ukikanyaga mpaka chini. Ingekuwa pampu ya eksileta ya kabureta (inayorusha mafuta ya ziada ukikanyaga), ingekuwa kinyume: kukanyaga ghafla ndiko kungeiua.

Kinachotokea ukikanyaga taratibu ni hiki. Ubavuni mwa distributa kuna dayaframu inayovutwa na vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini. Kwenye sailensa haipati kitu, tundu lake liko juu ya kipepeo cha kabureta, kile kibamba kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Kipepeo kikifunguka kidogo, vakyumu inaingia na kuzungusha bamba linalobeba pointi. Ukikanyaga mpaka chini vakyumu inakufa, bamba linarudi. Kwa hiyo injini inasita pale pale bamba linapocheza.

Juu ya bamba hilo kuna waya mbili fupi laini: mmoja unaleta umeme kwenye pointi, mwingine ni athi ya bamba kwenda kwenye mwili wa distributa. Zinakunjwa kila unapokanyaga, miaka zaidi ya arobaini sasa. Nyuzi zinakatika ndani, ganda la nje linabaki zima. Ukiuangalia kwa macho utaapa ni mzima. Ushike kwa vidole viwili na uuvute polepole: mzima unakataa, uliokatika ndani unanyooka kama mpira.

Jaribio la dakika tano: chomoa kipaipu cha vakyumu kwenye distributa, ziba kile cha upande wa kabureta kwa skrubu, endesha. Gari itakuwa nzito kidogo, lakini kama kusita kumeisha, umeshapata mwizi. Usiiache hivyo, itakula mafuta.

Waya wa kubadilishia lazima uwe wenye nyuzi nyembamba nyingi. Ukiweka waya mgumu wa nyumba hautamaliza mwezi.

Dada wa Makete

Suala la ukungu mlitenganishe na hilo lingine, yanaweza kuwa magonjwa mawili.

Kwanza unyevu: usiku, gari ikiwa sailensa gizani, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya dawa ya maua kwenye waya za plagi na kava la distributa. Ukiona vicheche vya bluu vinatambaa, waya hizo zimekwisha. Usiguse kitu.

Pili ni barafu ndani ya kabureta, na watu wa huku juu wengi hawaifikirii. Petroli ikigeuka mvuke inapoza koo la kabureta kwa nyuzi nyingi. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 5 na imejaa ukungu, unyevu unaganda humo humo na kuziba njia. Dalili yake haifichiki: injini inazidi kuchoka, inazima, unasimama dakika kumi, inawaka kama haikuwa na tatizo, kwa sababu joto la injini limeyeyusha. Ikizima tu, toa haraka mpira wa hewa uangalie kooni. Ukichelewa utakuta tone la maji tu. Dawa ni kuipasha injini vizuri kabla ya kuondoka, kuhakikisha thermostati, valvu inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate joto, ipo (wengi wameitoa, na hapo injini haipati joto la kutosha), na kuvuta hewa ya karibu na egzosi miezi ya Juni hadi Agosti.

Kitulo ni zaidi ya mita 2,600, hewa ni nyepesi, kwa hiyo mchanganyiko wenyewe utazidi mafuta na plagi zitakuwa na masizi. Usikimbilie kupunguza jeti kuu (tundu linalopima mafuta ya kabureta) kwa ajili hiyo. Siku utakaposhuka mlima Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni, chini kwenye hewa nzito, na mzigo, jeti hiyo ndogo itakuchomea valvu.

Na Zenith hiyo, kabla ya kuilaumu, weka rula kwenye uso wa mfuniko wake. Watu wanakaza skrubu kupita kiasi, uso unapinda, inavuta upepo. Msasa laini juu ya kioo, unasugua kwa mzunguko mpaka uso wote ung'ae sawa, na oringi mpya.

Mdau wa Uyole

Asanteni sana. Majibu: koili om 3.1. Betri hadi chanya ya koili, pointi zimefunga: 1.7. Inaruka kutoka 0.3 hadi 1.6 kwenye kiungio kimoja cha waya mweupe. Upande wa hasi 0.2, lakini nikilisukuma bamba kwa kidole inaruka hadi 0.9 na kurudi. Thermostati haipo. Je, kiungio nisafishe au nikate?

Waya Mweupe, Mwanjelwa

Kata, kaka. Rudi nyuma mpaka shaba ing'ae. Ikiwa nyeusi, kata sentimita 2 nyingine, rangi hiyo inatambaa chini ya ganda. Menya milimita 8, risasi mpya ya shaba, mpira mpya wenye bomba lake ndani, vaselini kidogo kabla ya kuingiza. Ukilehemu, funga waya kwenye ukuta sentimita 5 kutoka kwenye kiungo, la sivyo mtikisiko utaukatia pale lehemu inapoishia. Usisokote na kuzungushia utepe, ndio unaovuta maji ndani. Na kwa kuwa umefika hapo, ile athi ya injini kwenda chesisi ifungue, piga msasa pande zote mbili.

Waya wa bamba uanze nao leo. Hiyo 0.9 ndiyo inayokohoa.